Wauza Makaa Walioilisha Paris

Leo tuzungumze juu ya mgahawa wa Kifaransa, ule mdogo wa mtaani, wenye meza zilizobanana na orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa chaki ubaoni. Wafaransa huuita "bistro", na anayeusifu husema ni mgahawa wa asili. Swali langu ni dogo tu: asili ya nani?

Wapo wanaosema neno hilo lililetwa na askari wa Urusi walioingia Paris mwaka 1814, wakapiga kelele wahudumiwe upesi. Kwa lugha yao, "bystro". Hadithi tamu, tena imebandikiwa kibao ukutani huko Montmartre. Lakini katika maandishi ya Kifaransa neno hilo halionekani mpaka miaka ya 1880. Askari gani huyo wa kusubiri chakula miaka sabini!

Wenye kazi walikuwa wengine. Katika karne ya 19 vijana wa milima ya Auvergne na Aveyron, sehemu maskini za Ufaransa wakati huo, walikwenda Paris kutafuta riziki. Walibeba ndoo za maji mpaka ghorofa za juu. Mabomba yalipoingia majumbani, wakageukia kuni na makaa ya mawe. Ndani ya duka la makaa wakaweka kaunta ya divai, na huko nyuma mke akateleka sufuria moja. Anayekuja hula kilichopo. Kibao cha nje kilisema "Divai na Makaa". Wenyeji wa mji waliicheka lafudhi yao na kuwaita washamba. Basi mmoja wa washamba hao, Marcellin Cazes wa Aveyron, aliinunua Brasserie Lipp mwaka 1920, na wanasiasa na waandishi wakawa wanaigombea meza yake.

Hata Chartier, iliyofunguliwa mwaka 1896, ilikusudiwa watu wa kipato kidogo. Zimo bado droo zenye namba ambamo wateja wa kila siku waliweka vitambaa vyao vya mezani, na mhudumu huandika hesabu yako juu ya karatasi iliyotandikwa mezani. Siku hizi foleni ya nje ni ya watalii.

Na jikoni je? Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Kifaransa katika urithi wa binadamu. Miaka miwili kabla, Aprili 2008, mamia ya wafanyakazi wasio na vibali waligoma Paris na vitongoji vyake. Wengi walikuwa wapishi na waosha vyombo, wengi wao watu wa Mali. Mishahara yao ilikuwa ikikatwa michango kama ya Mfaransa yeyote, ila kuwapo kwao nchini ndiko kulikokuwa kosa. Baadhi ya matajiri wao waliwaombea vibali serikalini, na mimi sishangai: walijua nani anamenya vitunguu. Baadhi ya wagomaji walivipata. Wengine waliendelea kupika bila hivyo.