Mama wa Misri na Mtoto Aliyeumwa na Nge

  Leo twataka kuufuata mto Naili mpaka nchi ya Misri. Maji ya mito yetu, Nzoia na Yala na Nyando, huingia Ziwa Victoria, na baadhi ya maji ya ziwa hilo hutoka pale Jinja yakashika safari ndefu mpaka Misri na bahari ya kaskazini. Basi tunapowataja Wamisri tunawataja watu wanaokunywa mto ambao nasi tuna sehemu ndani yake.

Sote tumesoma habari za Misri katika vitabu vya Musa. Lakini mara nyingi twamjua Farao tu, na magari yake ya vita, na makuhani wake. Watu wa kawaida je? Mama aliyempakata mtoto mgonjwa usiku wa manane, naye hana la kufanya, alimlilia nani? Hilo ndilo swali letu la leo.

Wamisri wa kale walikuwa na miungu mingi, na kati yao wako waliohesabiwa kuwa mama. Kule Karnak aliabudiwa Mut, ambaye jina lake maana yake ni "mama" tu. Alikuwako Hathor, aliyechorwa mara nyingi kama ng'ombe, au kama mwanamke mwenye pembe za ng'ombe. Lakini aliyependwa na watu wengi zaidi katika siku za mwisho za Misri ya kale ni Isis. Jina lake liliandikwa kwa alama ya kiti cha enzi, na katika picha nyingi amevaa kiti hicho kichwani kama taji. Ametajwa tayari katika maandishi yaliyochongwa ndani ya piramidi ya Farao Unas, zaidi ya miaka 2300 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo.

Hadithi yake Wamisri waliieleza hivi. Mume wake, Osiris, aliuawa na ndugu yake mwenyewe aitwaye Seth. Isis akamtafuta maiti kila mahali, yeye na dada yake Nephthys, wakilia kama ndege. Akampata, akamfanyia matanga, na baadaye akamzaa mtoto wa kiume, Horus. Seth alitaka kumwua mtoto huyo, kwa hiyo mama akakimbia naye, akamficha katika vinamasi vya kaskazini, ndani ya mafunjo. Mjane, mkimbizi, na mtoto mchanga mgongoni: wako wengi hata leo waijuao hali hiyo bila kuhadithiwa.

Sasa tusikilize jambo moja lililochongwa juu ya bamba la jiwe wakati wa Farao Nectanebo wa Pili, aliyetawala tangu 360 mpaka 343 K.K. Jiwe hilo laitwa jiwe la Metternich, kwa sababu mtawala Muhammad Ali wa Misri alimzawadia Metternich, waziri mkuu wa Austria, katika karne ya kumi na tisa. Leo limo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, mjini New York.

Jiwe lasema kwamba Isis alikuwa safarini jioni, akilindwa na nge saba. Akafika penye nyumba ya mwanamke tajiri. Tajiri alipomwona kwa mbali akafunga milango yake. Lakini msichana maskini wa vinamasini akamfungulia mlango wa kibanda chake. Nge wakakasirika. Sita wakampa sumu yao nge mmoja, jina lake Tefen, naye akapenya chini ya mlango wa yule tajiri akamwuma mtoto wake. Mwanamke akatoka mbio mjini akipiga kelele, wala hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Hapa twangoja kusikia kwamba Isis alifurahi kulipiziwa kisasi. Sivyo. Isis alimwonea mtoto huruma, maana mtoto hakufunga mlango wowote. Akamwita yule mama, akaweka mikono yake juu ya mtoto, akaiamuru sumu itoke, kila nge kwa jina lake. Mtoto akapona. Yule tajiri akajuta, akamgawia mali yake msichana maskini.

Lakini jiwe halikuishia hapo. Siku nyingine Isis mwenyewe alikwenda kumtafutia mwanawe chakula. Aliporudi alimkuta Horus amelala hana nguvu, moyo umelegea, naye ameumwa na nge. Mama aliyemponya mtoto wa mwingine sasa hakuweza kumponya wake. Watu wa vinamasini wakaja wakalia pamoja naye, wala hakuna aliyeweza kumsaidia. Ndipo alipopaza sauti mbinguni, hata mashua ya jua ikasimama. Thoth, mungu wa maarifa, akashuka, akasema kwamba jua halitaendelea na safari yake mpaka mtoto huyo apone. Na Horus akapona.

Sisi hatumwabudu Isis, wala hatuwaiti ninyi mfanye hivyo. Lakini tusiicheke hadithi hii. Aliyeitunga alijua kwamba mtoto akiwa mahututi, kwa mama yake jua limesimama kweli kweli. Hakuna kazi, hakuna safari, hakuna kesho.

Tena mawe ya namna hii hayakuwekwa ili kutazamwa tu. Watu walimimina maji juu yake. Maji yakapita juu ya maandishi, yakakingwa chini, na mgonjwa akayanywa. Katika makumbusho ya Cairo iko sanamu ya mtu aitwaye Djedhor, imejaa maandishi mwili mzima, na mbele yake limechongwa beseni la kukingia maji hayo. Wasikilizaji wetu wa Pwani, wanaojua habari za kombe, wataelewa upesi zaidi kuliko wengine.

Na kwa nini waliyanywa? Kwa sababu wengi wao hawakujua kusoma. Maandishi ya picha yalikuwa elimu ya waandishi na makuhani. Mama wa kijijini alijua hadithi kwa kuisikia, lakini herufi zenyewe aliweza kuzipata kwa kinywa tu. Haya tuyakumbuke, maana tutayarudia.

Sifa za Isis zilivuka mipaka ya Misri. Mabaharia na wafanyabiashara walimchukua mpaka Ugiriki na Roma. Mji wa Pompeii ulipofunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka 79, hekalu lake lilikuwamo. Hata mjini London umechimbuliwa mtungi wa wakati wa Warumi wenye maneno yanayotaja hekalu la Isis mjini humo.

Nyumba yake mashuhuri kusini mwa Misri ilikuwa katika kisiwa cha Philae, karibu na Aswan. Kaisari Theodosius alipopiga marufuku ibada za miungu ya kale, mwaka 391 na 392, Philae iliendelea, kwa kuwa watu wa Nubia waliokaa kusini yake walimheshimu sana Isis. Huko, tarehe 24 Agosti mwaka 394, kuhani Esmet-Akhom alichonga ukutani maneno machache. Hayo ndiyo maandishi ya picha ya mwisho tunayoyajua yenye tarehe. Wakati huo elimu ile ya zaidi ya miaka elfu tatu ilikuwa imebaki mikononi mwa familia chache tu za makuhani. Walipokwisha wao, nayo ikaisha.

Mwandishi Procopius asimulia kwamba katika karne ya sita Kaisari Justinian alimpa amri jemadari Narses, naye akawatia makuhani wa Philae gerezani. Kisha Askofu Theodoros akaligeuza hekalu la Isis kuwa kanisa la Mtakatifu Stefano. Nasi twafikiri jina hilo lina neno la kutuambia. Stefano ndiye katika Matendo ya Mitume aliyewakumbusha wazee wa baraza kwamba Musa alisomeshwa elimu yote ya Misri. Lakini kwenye kuta za kanisa lenye jina lake elimu hiyo ilikuwa imechongwa pande zote, na baada ya muda hakuna aliyejua kuisoma hata neno moja.

Ilinyamaza hivyo zaidi ya miaka 1400. Mnamo 1822 Mfaransa Champollion alipofumbua maandishi hayo, alisaidiwa na lile jiwe maarufu la Rosetta, na pia na nguzo iliyotoka Philae, yenye jina la malkia Cleopatra. Lakini alikuwa na msaada mwingine. Lugha yenyewe ya Misri haikufa. Wakristo wa Misri, Wakopti, waliiandika kwa herufi za Kigiriki pamoja na chache za kwao, wakaitunza katika sala zao. Champollion alijifunza Kikopti, na kwa hicho aliyaelewa maneno ya kale.

Basi tazameni. Lililofungiwa katika nyumba chache za makuhani lilipotea. Lililowekwa vinywani mwa watu wakilisali kila wiki lilidumu, nalo ndilo lililomfungulia mlango msomaji wa leo. Mawe ya Philae yenyewe nayo yaliokolewa yasimezwe na maji ya mabwawa ya Aswan. Kati ya 1972 na 1980 hekalu lilibomolewa jiwe kwa jiwe, likajengwa upya katika kisiwa cha jirani, Agilkia.

Wapenzi wasikilizaji, hata leo katika vijiji vyetu wako akina mama wanaorudi kutoka zahanati na karatasi ya dawa wasiyoweza kuisoma. Wanaishika kwa heshima, kama yule mama wa Misri alivyoshika kikombe chake cha maji. Je, tumewasomea? Tumewaeleza ni vijiko vingapi, na mara ngapi kwa siku? Na yule aliye tayari kujifunza, tumemtafutia mwalimu, au twasema amezeeka? Mwenye kujua kusoma amewekewa amana ya jirani yake. Na mlango wa mgeni ukibishwa jioni, tumkumbuke yule msichana maskini wa vinamasini, aliyefungua.

Kwaherini, mpaka tutakaposikilizana tena. Mungu awalinde watoto wenu usiku huu.