Ombi Lisilojibiwa: Kutoka Mbuzi wa Ntheo hadi Simu za Tala

Tala ni mji wa soko katika eneo la Matungulu, kaunti ya Machakos, kando ya barabara ya Kangundo, chini ya kilomita 60 kutoka Nairobi. Mkazi wake leo anaweza kumwomba mtu urafiki kwenye Facebook asubuhi, akalifuta ombi hilo kabla ya jua kutua, na aliyeombwa asiambiwe lolote. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa utovu wa adabu ulioletwa na simu. Kwao, watu wa zamani walisimama na neno lao: maji yakimwagika hayazoleki, na ombi likishatamkwa halirudi mdomoni. Historia ya Ukambani, nchi ya Wakamba ambamo Tala imo, haiwaungi mkono. Wakamba waliruhusu ombi lirudishwe, tena katika jambo zito kuliko yote, yaani kuoza na kuoa. Walichokikataza ni kumwacha mwenzako abebe gharama ya ombi ulilolirudisha. Kwa maoni yangu, kipimo hicho cha hasara ya anayesubiri ndicho kilichotawala desturi, barua na sheria hadi leo, na kinatosha kuamua hata hili la simu.

Ushahidi wa kwanza umo katika ndoa. Baba wa kijana, au mtu aliyetumwa naye, alikwenda kwa baba wa binti kufungua mazungumzo, na pombe ilikuwa sehemu ya mazungumzo hayo: pombe ya asali, au ya miwa iliyochachushwa kwa tunda la mwegea. Ziara hizo hazikuwa ndoa. Gerhard Lindblom, Msweden aliyechapisha kitabu kikubwa kuhusu Wakamba mnamo 1916, na D. J. Penwill, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekusanya sheria za kimila za wilaya ya Machakos na kuzichapisha mwaka 1951, wote wanaonyesha ndoa iliyojengwa kwa hatua. Hatua inayofunga ni ntheo: mbuzi, kwa kawaida watatu, wanaopelekwa nyumbani kwa binti, mmoja akachinjwa na kuliwa na pande zote mbili. Eugene Cotran, alipoandika upya sheria za kimila za Kenya mwaka 1968, alieleza vivyo hivyo, kwamba kwa Wakamba bila ntheo hakuna ndoa. Maana yake ni kwamba kabla ya ntheo kulikuwa na kipindi kirefu, kinachotambuliwa na kila mtu, ambamo aliyeomba aliweza kurudi nyuma. Akirudi, mifugo aliyokwisha kuitoa ilirudishwa kwake, na nyumba mbili zikaendelea kukutana sokoni. Hata baada ya ntheo mlango haukufungwa kabisa, kwa sababu talaka nayo ilikuwa na mbuzi wake, mbuzi wa kukataa, ambaye kurudishwa kwake kulitangaza kwamba uhusiano umekwisha.

Mbuzi huyo ni jambo la kutazamwa kwa makini. Anatembea barabarani mchana, anaonekana na majirani, na anapokelewa na mtu mwenye jina. Kurudi nyuma kuliruhusiwa, lakini hakukufanywa kimyakimya pale ambapo upande wa pili ulikuwa umeshika mali au umewafungia wengine mlango. Mifugo ya Ukambani ilikuwa pia daftari la ahadi: ng'ombe huyu ameahidiwa kwa fulani, yule ni deni la mjomba. Serikali ilipoanza kuwauzisha watu wa Machakos ng'ombe wao kwa lazima mwaka 1938, ikiwapeleka kwenye kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River, maelfu walitembea kwa miguu hadi Nairobi wakitaka kumwona gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Historia hiyo husimuliwa kama mapambano ya malisho na mmomonyoko wa udongo, na ndivyo ilivyokuwa, ila kwa maoni yangu ilikuwa pia hofu ya kufutiwa kumbukumbu za maombi na majibu ya vizazi vizima.

Kuna kasoro katika ushahidi huu, na si ndogo. Lindblom na Penwill waliwasikiliza hasa wazee wanaume, na hasara waliyoihesabu ni ya baba. Muda wa binti aliyekuwa akisubiri, na wachumba waliogeuzwa langoni kwa sababu jina lake lilikwisha kutajwa, haukuwa na mbuzi wake. Kipimo kilikuwa sahihi, lakini mizani ilipima upande mmoja tu.

Kisha zikaja barua. Wakamba waliingia kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles, hasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wengine wakaajiriwa Nairobi na kwenye reli. Ombi sasa lilisafiri kwenye bahasha, bila mjumbe wa kusoma uso wa mwenye nyumba na kurudi na habari kabla mambo hayajaharibika. Sheria ya Kiingereza ilikuwa imekutana na tatizo hilo mapema. Katika kesi ya Byrne dhidi ya Van Tienhoven ya mwaka 1880, mfanyabiashara wa Cardiff alituma barua New York tarehe 1 Oktoba akitaka kuuza bidhaa, akajuta, na tarehe 8 akaandika nyingine ya kuiondoa ya kwanza. Mnunuzi alikubali kwa telegramu tarehe 11. Barua ya kuondoa ilimfikia tarehe 20. Mahakama iliamua kwamba kujirudi hakuna nguvu mpaka kumfikie mwenzako, kwa kuwa huenda amekwisha kutenda akitegemea neno lako. Kenya iliichukua kanuni hiyo kupitia Sheria ya Mikataba iliyoanza kutumika mwaka 1961. Mzee wa Matungulu asingeiona ngeni.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inafika palepale. Inasema ahadi ya kuoa au kuolewa haimfungi mtu, lakini aliyepata hasara kwa sababu mwenzake amekataa kuitimiza anaweza kudai fidia. Leo binti anaweza kudai hasara yake mwenyewe, bila kupitia zizi la baba yake, na hayo ni marekebisho ya haki kwa kasoro niliyoitaja.

Turudi sasa kwenye simu. Facebook ilifunguliwa kwa umma mwaka 2006. Mwaka 2009 ikapata toleo la Kiswahili, mwaka uleule ambao nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa. Ombi la urafiki humo hukaa likisubiri hadi likubaliwe, lifutwe na aliyeombwa, au lighairiwe na mwombaji, na aliyeombwa haarifiwi kuhusu kughairi huko. Tukiuliza alichopoteza kwa kusubiri, mara nyingi jibu ni hakuna. Hakutoa mali, hakumfungia mtu mlango, na pengine hata jina hakuliona. Huyu yuko nyuma sana ya ntheo, nyuma hata ya kibuyu cha kwanza cha pombe.

Mtu atauliza kwa nini ndoa ipimwe pamoja na jambo dogo kama hili. Nijibu kwamba wepesi wake ndio unaotia nguvu hoja: ikiwa desturi iliruhusu kujirudi penye uzito wote ule, haiwezi kukataza pasipo na uzito. Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la kimya. Mtu aliona arifa ya ombi, akafungua simu jioni, asikute kitu. Amebaki akijiuliza amekosa nini. Fadhaa hiyo ni ya kweli na sitaki kuidharau. Lakini tangazo la kughairi lingemwongezea uchungu bila kumrudishia chochote, na lingemtia hofu mwenye ombi, hasa msichana aliyegundua kwamba ukurasa aliouomba urafiki ni wa mtu asiye mwema. Mtandao wa LinkedIn umeweka kizuizi kinachofaa zaidi: ukiondoa mwaliko, hutaweza kumtumia mtu yuleyule mwaliko mwingine hadi wiki tatu hivi zipite. Hicho kinazuia mchezo wa kuomba na kufuta, kuomba na kufuta, ambao kweli ni usumbufu.

Kwa hiyo, ikiwa ombi lako lilikwenda peke yake, lifute bila kuona haya. Ikiwa uliliambatanisha na ujumbe, ukaahidi kazi, bei au kukutana Tala siku ya soko, mwandikie mwenzako kwanza kwamba umebadili nia, na mpe muda wa kuusoma ujumbe huo kabla hujalifuta.