Bata bukini wa kifua chekundu, mgeni adimu wa majira ya baridi

Kila Septemba, maji yakipwa pale Mida Creek, mimi hupenda kuwatazama chamchanga wenye midomo iliyopinda wakidonoa matopeni. Ndege hawa huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, ikiwemo rasi ya Taymyr nchini Urusi. Huko huko Taymyr huzaliana jirani yao ambaye sisi hatumwoni huku: bata bukini wa kifua chekundu. Leo nawaeleza habari zake, kwa sababu zina funzo kwetu.

Ni mdogo kuliko bata bukini wengi, urefu wake haufiki sentimita 60. Mdomo wake ni mfupi. Mwili ni mweusi, shingo na kifua ni vyekundu vya kutu, na ubavuni ana mstari mweupe unaoonekana kwa mbali. Mwanasayansi Pallas ndiye aliyempa jina la kitaalamu mwaka 1769.

Kinachonishangaza zaidi ni anavyochagua mahali pa kutagia. Hujenga kiota karibu na kiota cha kozi, ndege mwindaji. Kozi akimfukuza mbweha anayenyemelea makinda yake, mayai ya bata nayo yamesalimika.

Baridi ikiingia, husafiri kilomita zipatazo 6,000 hadi pwani ya Bahari Nyeusi, katika nchi za Bulgaria, Romania na Ukraine. Usiku hulala ziwani, kama vile Shabla na Durankulak kule Bulgaria. Asubuhi huruka kwenda mashambani kula ngano changa.

Mara chache, mmoja hufuata kundi la bata bukini wa aina nyingine na kujikuta Uingereza. Wapenzi wa ndege hufunga safari kwenda kumwona. Swali lao la kwanza ni kama kweli ametoka porini, kwa maana wapo wanaofugwa na hutoroka. Ndiyo maana humkagua miguu kutafuta pete.

Lakini mpotevu mmoja asitudanganye kwamba ndege hawa ni wengi. IUCN imewaweka katika orodha ya viumbe walio hatarini. Hadi miaka ya 1950 wengi wao walikaa majira ya baridi kando ya Bahari ya Kaspi, hasa Azerbaijan. Mashamba ya ngano yalipogeuzwa kuwa ya mazao mengine, wakahamia magharibi. Sasa karibu wote wanategemea kipande kimoja cha pwani. Wakulima wa huko wakibadili mazao, au wawindaji wakiwapiga kwa kuwadhania bata wengine, hasara huwa ya ulimwengu mzima.

Hapo ndipo ninapoikumbuka Mida. Chamchanga wetu nao wanategemea matope ambayo wengi wetu tunayaona hayana thamani. Tukikata mikoko na kutupa taka ufuoni, tusije tukauliza wageni wamekwenda wapi. Bata bukini wa kifua chekundu walipata pa kuhamia walipoikosa Kaspi. Sina hakika kama kila ndege ana Bahari Nyeusi yake inayomngoja.