Foleni Haiko Sawa kwa Kila Mtoto (Sehemu ya 5)

Wale mliokuwa mnaniuliza Sehemu ya 5 iko wapi, hii hapa. Ni ndefu kidogo, soma ukishalaza mtoto.

Leo tuongelee foleni. Unaijua ile ya kliniki asubuhi. Pale benchini humkosi mama mmoja aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka saba au nane, miguu inaning'inia mpaka magotini kwa mama yake. Mtoto ana mtindio wa ubongo. Nikimwita apite mbele, benchi zima linaguna: "Nesi, na sisi tumekuja toka saa kumi na moja!" Mama mwenye mtoto wa usonji ndiyo kabisa. Mtoto kwa macho ni mzima, anakimbia, anapiga kelele, anajigonga kichwa ukutani, na watu wanasemezana, "Mtoto huyu hajafundishwa adabu."

Sasa, foleni hiihii Wamarekani wameigombania miaka mingi, mpaka mahakamani. Na pale walipoigombania sana hapakuwa hospitali. Ni kwenye bustani za burudani, zile kubwa za bembea, vigari na treni za kupanda na kushuka. Usicheke kwanza. Nifuate, utaona kwa nini nesi wa chanjo anakusimulia habari za bembea.

Tuanze mwaka 1955. Tarehe 12 Aprili mwaka huo, Marekani ilitangaza kwamba chanjo ya polio ya Dk. Jonas Salk ni salama na inafanya kazi. Mama zetu wa huko walilia kwa furaha, maana miaka mitatu tu nyuma, 1952, polio ilikuwa imewapata watu karibu 58,000 nchini mwao, wengi wao watoto. Miezi mitatu baada ya tangazo hilo, tarehe 17 Julai 1955, Walt Disney akafungua Disneyland kule California. Yaani nchi ilijaa watoto wenye vyuma miguuni, magongo na viti vya magurudumu, na mwaka huohuo ikafunguliwa bustani ambayo kila mtoto aliota kuifika. Lakini wakati huo hakuna sheria ya nchi iliyomlazimisha mwenye bustani kufikiria kiti cha magurudumu kitapita wapi. Ukipata mhudumu mwema, unasaidiwa. Ukimkosa, mtoto anabaki kuangalia wenzake.

Mmoja wa watoto wa polio wa miaka ile alikuwa Judy Heumann wa New York. Polio ilimpata akiwa na mwaka mmoja na nusu. Ulipofika wakati wa shule, mama yake alimpeleka kuandikishwa, na mkuu wa shule akamkataa. Unajua sababu? Alisema kiti chake kingekuwa hatari moto ukitokea. Mama yake hakunyamaza, alihangaika mpaka mtoto akasoma. Ninamtaja kwa makusudi, kwa sababu historia hii ukiifukua, chini yake utamkuta mama aliyekataa kujibiwa "haiwezekani."

Mwaka 1973 Marekani ilipitisha sheria iliyokataza kumbagua mtu mwenye ulemavu kwenye shughuli zinazoendeshwa kwa fedha za serikali kuu. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri, ila kanuni za kuitekeleza hazikusainiwa. Miaka minne watu wakazungushwa, njoo kesho, njoo kesho. Aprili 1977, Judy Heumann na wenzake zaidi ya 100 wakaingia kwenye jengo la serikali San Francisco na kugoma kutoka. Walilala sakafuni zaidi ya siku 20. Wapo waliohitaji kugeuzwa usiku ili wasipate vidonda vya kulala, wapo waliokuwa wanatumia mipira ya mkojo. Wewe uliyewahi kuuguza mtu nyumbani unajua hiyo kazi. Chama cha Black Panther kilikuwa kinawaletea chakula. Tarehe 28 Aprili kanuni zikasainiwa.

Lakini ona pengo lililobaki: sheria ile iligusa fedha za serikali tu. Hoteli, sinema, duka, bustani ya bembea ya mtu binafsi, zote zilikuwa nje. Ndiyo maana kazi ikaendelea miaka mingine 13. Tarehe 12 Machi 1990, watu wenye ulemavu waliacha viti vyao na magongo chini ya ngazi za jengo la Bunge, Washington, wakapanda ngazi zile kwa kutambaa. Kati yao alikuwepo binti wa miaka 8, Jennifer Keelan, mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto wa darasa la pili au la tatu, anapanda ngazi kwa viwiko na magoti huku kamera zinamwangalia. Tarehe 26 Julai mwaka huohuo Rais George H. W. Bush akasaini sheria mpya ya haki za Wamarekani wenye ulemavu. Na humo, kwenye orodha ya sehemu zinazopaswa kumpokea kila mtu, bustani za burudani zimetajwa wazi. Kucheza kukaandikwa kwenye sheria moja na hoteli, duka na zahanati.

Kuna kipengele kimoja cha kanuni zake ninachokipenda sana. Mwenye bustani anaruhusiwa kuweka masharti ya usalama, lakini lazima yatokane na hatari halisi, siyo kudhaniadhania. Mhudumu hawezi kumwangalia mtoto wako usoni akasema, "Huyu hapana, ataumia." Lazima kuwe na sababu inayopimika, mfano urefu wake au uwezo wa kujishikilia. Mkumbuke yule mkuu wa shule na habari zake za moto. Kipengele hiki kinawajibu watu wa namna yake.

Baadaye, viwango vilivyoanza kutumika Machi 2012 vikasema kwamba bembea na vigari vipya vya kudumu, isipokuwa aina chache, lazima viwe na nafasi ya kiti cha magurudumu au namna ya mtu kuhamia kwenye siti. Hayo ni mambo ya vyuma na vipimo. Mvutano mkubwa ukabaki kwenye foleni.

Kwenye bustani hizi, siku za sikukuu unaweza kusimama saa nzima au zaidi kwa mchezo wa dakika tatu. Njia nyingi za zamani zilikuwa nyembamba, zenye kona na ngazi, kiti cha magurudumu hakipiti. Kwa hiyo familia ilipitishwa mlango wa kutokea. Na kwa kuwa mlango wa kutokea hauna foleni, mara nyingi waliingia mapema kuliko wengine. Kwa wale ambao ulemavu wao hauonekani, Disney ilikuwa inatoa kadi maalumu. Mzazi anaeleza shida ya mtoto, anapewa kadi, anaionyesha kwa wahudumu. Cheti cha daktari hakikutakiwa. Ilikuwa kadi ya kuaminiana.

Unajua kinachofuata, si ndiyo? Binadamu ni walewale. Mei 2013 gazeti moja la New York liliandika kwamba kuna mama wenye pesa zao waliokuwa wanamkodi mtu mwenye ulemavu, kwa dola 130 kwa saa, ajifanye ni wa familia yao ili watoto wao wazima wasipange foleni. Watu waliwaka. Oktoba mwaka huohuo Disney ikaifuta kadi ile na kuleta utaratibu mwingine. Sasa mtoto hapiti moja kwa moja. Kama foleni ni ya dakika 60, unaandikiwa muda wa kurudi, unaenda kusubiri mahali pengine, kivulini au penye utulivu, muda ukifika unaingia.

Kwa haraka haraka ni haki tupu: wote wanasubiri sawa. Lakini baadhi ya familia zenye watoto na watu wazima wa usonji zikaenda mahakamani kuanzia 2014. Walisema hivi: kwa mtoto wetu, kusubiri kivulini bado ni kusubiri. Yeye ana mpangilio wake kichwani, bembea hii kwanza, kisha ile, na ukimwambia "tutarudi baadaye" siku yote imeharibika.

Hapa nivae gauni langu la kazi kidogo. Huo siyo utundu wala kudeka. Kwa watoto wengi wenye usonji, kelele, msongamano na mabadiliko ya ghafla vinaingia kwa nguvu kuliko kwako na kwangu. Kinaweza kufika kiwango anachoshindwa kubeba, analipuka. Ukimchapa pale, hufundishi kitu, unamwongezea mzigo.

Mahakama ya rufaa mwaka 2018 iliona madai hayo yanastahili kusikilizwa kikamilifu, ikarudisha kesi. Mwaka 2020 jaji wa Florida akaamua kwa upande wa Disney: kuwaachia wapite bila kusubiri kungebadilisha bustani nzima, na wangekuwepo wa kutumia vibaya nafasi hiyo. Nimeisoma habari hiyo nikiwa na mioyo miwili. Jaji hakusema watoto wale wanaigiza. Ila kivuli cha wale waongo wa 2013 kilikuwa kimekaa pale mahakamani, na walioumia siyo wao.

Mwaka 2024 mlango ukabanwa zaidi. Utaratibu ule sasa unawalenga hasa wenye usonji na hali za ukuaji zinazofanana nao. Mzazi anahojiwa kwa video, na akigundulika amedanganya anaweza kufungiwa kabisa. Wenye matatizo mengine wanaelekezwa kwenye huduma tofauti, kama ruhusa ya kutoka kwenye foleni na kurudi. Familia nyingi zililalamika, na mimi ninawaelewa. Fikiria mtoto mwenye selimundu. Kwa macho hana tatizo lolote. Lakini mweke juani muda mrefu, maji hajanywa, amechoka, maumivu yanaweza kuanza na safari ikaishia wodini. Ulemavu hauna sura moja.

Kuna baba mmoja aliyelitazama jambo hili kwa namna nyingine. Gordon Hartman wa San Antonio, Texas, ana binti anaitwa Morgan, mwenye ulemavu wa akili na wa mwili. Wakiwa likizo, Morgan alitaka kucheza na watoto waliokuwa kwenye bwawa la kuogelea. Wale watoto wakatoka majini, wakamwacha peke yake. Baba alikuwa mjenzi wa nyumba, mtu wa uwezo, na baadaye akafungua bustani ya burudani, Morgan's Wonderland, mwaka 2010. Bembea zake zinapokea kiti cha magurudumu kizimakizima. Farasi wa kuzunguka wana nafasi za viti vinavyopanda na kushuka pamoja na wengine. Mwaka 2017 wakaongeza sehemu ya michezo ya maji, yenye viti vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya betri, ili mtoto aloane bila wasiwasi. Mwenye ulemavu haingii kwa tiketi ya kununua, ni bure. Na watoto wasio na ulemavu wanakaribishwa pia, maana kilichomuuma Morgan siku ile bwawani ni kuachwa peke yake.

Turudi nyumbani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unasema mtoto mwenye ulemavu ashiriki michezo na burudani sawa na wenzake. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009, na mwaka 2010 Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo ukimpeleka mwanao kwenye bembea sikukuu ya Idi au Krismasi, hujaenda kuomba huruma ya mtu.

Ila haki ina namna ya kuidai. Wale wahojaji wa Disney hawaishii kwenye jina la ugonjwa. Wanauliza: nini kinamtokea mtoto akisubiri? Na wewe zoea kujibu hivyo. Ukimwambia mhudumu "mwanangu ana usonji," huenda hajui ni kitu gani. Mwambie, "Akikaa kwenye kelele zaidi ya dakika kumi anaanza kujiumiza. Naomba tusubiri pale nje, mtuite zamu ikifika." Hilo hata mlinzi wa getini analielewa. Hata sisi manesi linatusaidia. Pigia simu sehemu kabla ya kwenda, uliza ngazi, choo, kivuli na siku isiyo na watu wengi. Na kama mwanao ni mzima, usikope ugonjwa wa mtoto wa mwenzio ili uwahi. Umeona Marekani ilivyoishia.

Na kesho kliniki ukiona nesi amemwita yule mama wa mgongoni, msogezee mkoba wake apite. Amembeba mtoto wa kilo ishirini toka kituo cha daladala.

Sehemu ya 6 nitaandika kuhusu mtoto anayechelewa kuongea: lini usubiri, lini umlete. Usiku mwema, na wabusu watoto.