Waimbaji na Urafiki Wao

Katika siku za Yubile ni desturi kuwakumbuka maaskofu, na mapadre, na mafundi waliojenga makanisa yetu. Heshima hiyo ni haki yao. Walakini wako watu wengine ambao majina yao hayakuchorwa ukutani, nao ni waimbaji. Yafaa basi tuelezane habari zao, tupate kuona jinsi kuimba pamoja kulivyowafanya wageni kuwa marafiki, na jinsi urafiki huo ulivyookoa wimbo mmoja usipotee.

Kwanza tuseme habari za solfa, maana ndiyo iliyowafungulia watu wengi mlango. Zamani kusoma muziki kulikuwa kazi ya watu wenye mali na nafasi, walioweza kununua kinanda na kumlipa mwalimu. Huko Norwich, katika Uingereza, alikuwako mwanamke mwalimu, Sarah Glover, aliyebuni njia ya kuwafundisha watoto kuimba kwa kufuata herufi. Mwaka 1835 akaichapisha njia yake. Hata mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull, wakamwomba mchungaji kijana, John Curwen, awatafutie njia nyepesi ya kufundisha nyimbo. Naye akaichukua njia ya Bibi Glover, akaitengeneza, akaieneza. Sauti saba zikaandikwa kwa herufi saba tu: d, r, m, f, s, l, t.

Njia hii ilikuwa na faida kubwa katika nchi za misioni. Kiwanda cha chapa kisicho na alama za muziki chaweza kuchapa solfa kwa herufi zake za kila siku. Mwalimu aweza kuiandika ubaoni kwa chaki, na mwimbaji aweza kuinakili katika daftari lake. Hivyo watu wasio na kinanda walipata kuimba kwa sauti nne. Huko Lovedale, Afrika Kusini, John Knox Bokwe alitoa kitabu cha nyimbo zake mwaka 1885, nazo ziliandikwa kwa solfa.

Katika chuo cha Lovedale ndiko alikosoma kijana mmoja Mxhosa, Enoch Sontonga. Baadaye alikuwa mwalimu katika shule ya misioni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, na kiongozi wa kwaya. Johannesburg wakati ule ulikuwa mji mchanga, uliozaliwa kwa machimbo ya dhahabu. Watu walikuja kutoka kila upande, lugha mbalimbali, kila mmoja mbali na kwao. Mtu aliyekuwa na jamaa kijijini alijikuta peke yake katikati ya umati.

Mwaka 1897 Sontonga alitunga wimbo wa kuiombea Afrika baraka, ubeti wa kwanza na kiitikio, akauandika kwa solfa. Wimbo huo ni Nkosi Sikelel' iAfrika. Mwaka 1899 uliimbwa mbele ya watu katika ibada ya kumwekea mikono mchungaji Mboweni. Tuangalie jambo hili: maneno yalikuwa ya Kixhosa, na mchungaji alikuwa Mtsonga. Wimbo ulikuwa umekwisha kuvuka mpaka wa kabila.

Sontonga alifariki mwaka 1905, naye hakuwa bado mzee. Nyimbo zake zilikuwa katika daftari, na yasemekana viongozi wa kwaya walikuwa wakimwendea mjane wake kuziazima. Mjane huyo, kwa umaskini, aliuza haki za wimbo ule kwa peni sita, hivyo husimuliwa. Daftari lenyewe likapotea, na pamoja nalo nyimbo nyingi.

Kwa nini basi wimbo huu haukupotea? Kwa sababu ulikuwa umekwisha kukaa vifuani mwa waimbaji. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano wa Bloemfontein ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Kwaya ya Ohlange ya Reuben Caluza iliuimba katika maonyesho yake. Mwaka 1923 Solomon Plaatje aliuimba London, ukatiwa katika sahani ya santuri. Mshairi Samuel Mqhayi aliongeza beti saba, zikachapwa mwaka 1927. Mwisho ulifika kwetu: mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, tuni hiyo ikapewa maneno ya Kiswahili, nayo ndiyo Mungu Ibariki Afrika. Kaburi la mtungaji, lililosahauliwa miaka mingi huko Braamfontein, liliwekwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996.

Wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Katika sauti nne neno hili huonekana wazi. Mwenye besi hawezi kuimba vema asipomsikiliza mwenye alto, na mwenye sauti kubwa hana budi kuipunguza ili mwenzake asikike. Watu wanaosikilizana hivyo jioni baada ya jioni hawakai wageni. Akiugua mmoja, wenziwe huenda kumtazama. Akifiwa, huja kuimba na kuchimba kaburi. Akioa, huja na mchango wao. Wengi wetu tumezikwa ndugu zetu kwa sauti hizo, nasi twajua uzito wake.

Basi, ndugu wasomaji, tusiwaache waimbaji wetu wapotee kama lilivyopotea daftari la Sontonga. Kila kwaya iandike nyimbo zake, na jina la aliyezitunga, na majina ya walioziimba, na mwaka. Kitabu kikae mahali salama, na nakala yake mahali pengine. Tena vijana wafundishwe nyimbo hizo wangali hai wazee wanaozijua. Maana daftari hupotea, lakini wimbo uliokaa vifuani mwa marafiki wengi si rahisi kupotea.