Nani huleta benki, nani huihamisha?

1. Wadau, kila msimu wa kampeni huku Diani wimbo ni ule ule: "Nichagueni, niwaletee benki." Tawi likihama au likifungwa, wimbo unageuka: "Wametunyang'anya benki kwa sababu ya kura zetu." Mimi ni mtu wa Ukunda, na nimeyasikia hayo kutoka pande zote. Basi leo tuangalie sheria yenyewe na ilikotoka.

2. Tuanze na ushirika. Sheria ya 1945 ndiyo iliyowafungulia wakulima Waafrika wa Kenya mlango wa kusajili vyama vyao. Baada ya uhuru, vyama hivyo vikasajili Benki ya Ushirika mwaka 1965, ikaanza kazi 1968. Mkulima akawa mteja na, kupitia chama chake, mwenye benki.

3. Miaka ya themanini mambo yakaenda mrama. Kati ya 1984 na 1986 taasisi kadhaa zilianguka, zikiwemo Rural Urban Credit Finance na Continental Bank. Watu walilia na akiba zao. Ndipo ikaja Sheria ya Benki ya 1989, kukaza kamba.

4. Kifungu cha 8 ndicho chetu leo. Benki haifungui tawi jipya wala haihamishi la zamani bila idhini ya Benki Kuu. Kabla ya kukubali, Benki Kuu inaweza kuchunguza historia na hali ya fedha ya benki hiyo, wasimamizi wake, mtaji, matarajio ya mapato, na maslahi ya umma. Mbunge hatajwi hapo.

5. Sasa shikeni hili: kufungua na kuhama kunahitaji idhini, lakini kufunga kunahitaji ilani tu. Benki inaiandikia Benki Kuu miezi 6 mapema, au muda mfupi zaidi ikiruhusiwa. Mwishoni mwa miaka ya tisini benki kubwa za kigeni zilifunga matawi mengi mashambani kote Kenya. Sisi wa kusini tulikuwa na donda letu pia: ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilifukuza watalii. Hoteli zikilala, na hesabu za tawi hulala.

6. "Lakini si ni benki ya ushirika? Si ni yetu?" Ndiyo, ila mwaka 2008 iligeuzwa kampuni, na Desemba hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Vyama bado vina hisa nyingi zaidi kupitia Co-opHoldings. Hata hivyo mwanachama wa SACCO huku Kwale hapigi kura tawi likae Ukunda au lisogee ufuoni kwenye hoteli.

7. Mtaniambia siku hizi kuna M-Pesa tangu 2007, na mawakala wa benki tangu 2010. Kweli, kutoa na kuweka pesa kumekuwa rahisi. Lakini kwa mwongozo wa Benki Kuu wa 2010, wakala hana ruhusa ya kukupa mkopo wala kukupima kama unafaa. Mama muuza samaki wa Gazi anayetaka mkopo wa friji ya kuhifadhia samaki hatamalizia shida yake kwenye kibanda cha wakala. Nauli ya kwenda tawini ni yake, na siku ya biashara inayopotea ni yake.

8. Kwa hiyo, bana, anayeahidi "kuleta benki" anaahidi kitu kisichokuwa mkononi mwake. Kilicho mkononi mwa mbunge ni kutunga sheria. Maslahi ya umma yanatajwa tawi linapofunguliwa au kuhama. Linapofungwa, kifungu kimenyamaza. Akija jukwaani, msimuulize benki inakuja lini. Muulizeni: utapeleka mswada wa kurekebisha kifungu cha 8, ndiyo au la?