Chumba cha Alhamisi

Watu wakizungumzia vyuo vya makanisa vinavyofundisha kwa intaneti, husifu kwanza kompyuta. Mimi nikiitazama historia yake naona kitu kingine kilichofanya kazi kubwa zaidi, nacho ni chumba.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1878, kando ya ziwa Chautauqua katika jimbo la New York, mchungaji wa Kimethodisti John Heyl Vincent alianzisha masomo ya miaka 4 ya kusoma vitabu nyumbani. Waliojiunga, wanawake wengi miongoni mwao, walikuwa watu ambao chuo hawakukipata. Kila mmoja alisoma peke yake, lakini katika miji yao walikusanyika makundi makundi wakaulizana walichokisoma. Mhubiri yule alijua jambo ambalo shule nyingi za posta zilikuja kulisahau. Nimepata kusoma kwa posta, ndugu msomaji, na adui hakuwa hesabu. Adui ni usiku wa wiki ya tatu, kibatari kinafuka moshi, na hapana mtu hata mmoja atakayejua kama umefungua bahasha au umelala.

Chuo cha BYU-Idaho, kilichoko Rexburg nchini Marekani, ni cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hulijua kama la Wamormoni. Mwaka 2009 kilianzisha mpango wa Pathway kwa wanafunzi 50 katika sehemu 3: Nampa, Mesa na Manhattan. Masomo yalikuja kwa intaneti. Hata hivyo, jioni moja kila wiki, kwa kawaida Alhamisi, mwanafunzi alitakiwa kufika katika jengo la kanisa lililo karibu, na zamu yake ikifika aongoze somo. Profesa hakuwapo. Walikuwapo wenzake, na mara nyingi mzee na mkewe waliojitolea. Majengo yalikuwapo tayari, basi gharama ikapungua. Zaka za waumini nazo zilibeba sehemu ya mzigo, na ada ikapangwa kufuata hali ya kila nchi.

Mwaka 2017 mpango huo ukafanywa taasisi kamili, BYU-Pathway Worldwide, nao umefika hata Afrika Mashariki. Mimi si muumini wa kanisa hilo, na nina manung'uniko yangu: masomo ya shahada kwa sehemu kubwa ni kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana wetu huruka ukuta mmoja akakuta mwingine.

Kisha mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko ulifunga vyumba. Makundi yakahamia kwenye skrini, na mengine yakabaki huko hata milango ilipofunguliwa, kwa kuwa yupo mtu anayeishi mbali na jengo lolote la kanisa hilo, ambaye nauli ya kila Alhamisi ilikuwa karo ya pili. Namfurahia huyo. Ila kwenye skrini mtu huweza kuzima picha yake akalala, na wenzake wasijue.